Kompyuta Ikataapo Kuzimika

Miongoni mwa maradhi yanayoisibu kompyuta, moja hudharauliwa na watu kuliko mengine yote, nalo ni lile la kuanguka wakati inapozimwa au inapowashwa upya. Kwa kuwa kazi ya siku imekwisha, barua imehifadhiwa na hesabu zimefungwa, mwenye kompyuta huona kwamba hana alichopoteza, basi hushikilia kitufe cha umeme mpaka mashine inyamaze, au huzima swichi ya ukutani akaenda zake. Kesho yake hufanya vivyo hivyo, na kesho kutwa, mpaka asubuhi moja mashine inakataa kuwaka kwa sababu diski ilikatiwa umeme ilhali ingali ikiandika. Hapo ndipo aitwapo fundi, naye fundi, aghalabu kabla hajauliza hata maswali mawili, hutoa flashi mfukoni akasema kwamba dawa ni kupiga Windows upya.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya msomaji asiyeridhika na dawa hiyo. Si kwamba haifai kabisa, la. Lakini ikiwa asili ya ugonjwa ni draiva mbovu au kifaa kilichochoka, basi draiva ile ile itarudishwa pamoja na programu zile zile, na baada ya juma moja au mawili mashine itagoma kama ilivyokuwa ikigoma. Rai yangu ni kwamba kuzimika ni kazi yenye hatua zilizopangwa, na mkosaji hujulikana kwa hatua aliyokwamia. Kwa hiyo jambo la kwanza si kutibu, bali ni kujua kompyuta ilikuwa imefika wapi ilipoanguka. Nitasema zaidi juu ya Windows 10 na 11, kwani ndizo zilizoenea majumbani na maofisini mwetu, na kabla ya yote nakusihi uhamishe nakala ya faili zako muhimu katika diski ya nje, madhali mashine ingali inawaka.

Yafaa kwanza ujue kinachotendeka. Unapotoa amri ya kuzima, Windows haikati umeme papo hapo, bali hufanya kama mwenye duka wakati wa magharibi, ambaye hawezi kutia kufuli mlangoni kabla wateja hawajatoka, wasaidizi hawajarudisha mizani mahali pake, na daftari halijafungwa. Programu ulizofungua ndizo zinazoarifiwa kwanza, na ile isiyojibu kwa muda wa sekunde 5 hivi hutajwa kwenye kiwambo kwamba inazuia kuzimika. Baada ya hizo huja zamu ya huduma, yaani zile programu zisizoonekana zinazofanya kazi chini kwa chini, nazo pia kwa kawaida hupewa sekunde 5 tu. Kisha rejista ya Windows na yote yaliyokuwa yakingoja katika kumbukumbu huandikwa diskini, na mwisho kabisa kila draiva huamriwa kukishusha kifaa chake, ndipo umeme ukatwe. Wale walioiwahi Windows 95 wanakumbuka kwamba mashine nyingi za wakati ule zilimaliza kazi kwa maandishi ya rangi ya machungwa yaliyomwambia mtu kuwa sasa ni salama kuizima, naye akanyoosha mkono akabonyeza swichi mwenyewe. Kanuni za ACPI, zilizotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, ziliikabidhi programu kazi hiyo ya mkono, na tangu hapo matatizo ya kuzimika yakaongezeka: Windows 98 toleo la pili ilikwama sana mlangoni hata Microsoft ikalazimika kutoa kiraka maalumu kwa ajili ya kuzimika tu.

Sasa itazame kompyuta yako kwa makini inapogoma, maana hitilafu hii ina sura zaidi ya moja. Iko inayoganda kwenye maandishi ya kuzima, viduara vikazunguka bila kikomo. Iko ambayo kiwambo huwa cheusi lakini feni inaendelea kuvuma na taa haizimiki. Na iko ile inayowatatanisha watu kuliko zote, ambayo uliiamuru izimike lakini ikajiwasha yenyewe. Hii ya mwisho, mara nyingi, si uasi wa kitufe wala mzuka, bali ni anguko lililofichwa. Windows imewekwa tangu kiwandani ijiwashe upya kila inapopatwa na kosa kubwa, kwa hiyo kiwambo cha buluu, ambacho katika matoleo ya karibuni ya Windows 11 kimegeuzwa kuwa cheusi, hupita kabla jicho halijakiona, na wewe hudhani kwamba ulibonyeza pasipofaa. Iondolee pazia hilo: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika sysdm.cpl, ingia sehemu ya «Advanced», kisha «Settings» zilizo chini ya «Startup and Recovery», uondoe alama palipoandikwa «Automatically restart». Mara nyingine itakapoanguka itasimama na kukuonyesha kosa lake, nawe lipige picha kwa simu.

Kuna jambo jingine ambalo bila kulifahamu utahangaika bure. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kuzima kompyuta si kuizima kikamilifu. Kuna mpango wa kuwaka haraka, ambao huandikwa «Fast Startup» katika mipangilio ya umeme, na unapotumika, Windows humtoa mtumiaji na programu zake, lakini kiini cha mfumo pamoja na draiva zake hakizimwi, bali huhifadhiwa katika faili kubwa iitwayo hiberfil.sys, ili asubuhi kisomwe kama kilivyokuwa. Kumbe basi draiva iliyoharibika Jumatatu huamka na uharibifu wake Jumanne na Jumatano, na mtu anayeapa kwamba huizima kompyuta yake kila usiku yumkini ana kiini ambacho hakijapumzika kwa mwezi mzima. Kuwasha upya, kinyume cha watu wanavyodhania, ndiko kunakomaliza kila kitu na kuanza mwanzo.

Tofauti hiyo ni kipimo kizuri, nacho hakina gharama. Fungua dirisha la amri, andika shutdown /s /t 0, amri ambayo huizima kompyuta kikamilifu bila ya kuhifadhi kiini. Au ushikilie kitufe cha Shift huku ukibonyeza neno la kuzima. Ikiwa mashine inagoma kwa njia ya kawaida lakini inazimika salama kwa njia hii, basi shaka yote inaangukia mpango wa kuwaka haraka, na tiba yake ni kuuondoa kwa amri powercfg /h off, iliyotolewa katika dirisha lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Utapoteza sekunde chache asubuhi, na pia uwezo wa kuilaza kompyuta kwa njia ya kuhifadhi kumbukumbu diskini, lakini utapata nafasi ya gigabaiti kadhaa na usingizi wa raha. Mimi huuondoa mpango huu katika kila mashine yenye diski ya SSD, kwa sababu faida yake humo ni haba mno. Na hata pale ambapo si yeye mkosaji, afadhali auondoe kila achunguzaye, ili ushahidi nitakaoueleza sasa usomeke bila tashwishi.

Ushahidi huo umo katika daftari ambalo Windows huliandika yenyewe. Andika eventvwr.msc, fungua «Windows Logs» kisha «System», utakuta mistari mingi mno, na mingi yake ni makosa madogo yasiyo na maana ambayo hata kompyuta nzima kabisa huwa nayo, usiyashughulikie. Tafuta namba nne tu. Namba 1074 hueleza ni nani au ni programu gani iliyotoa amri ya kuzima, na saa ngapi. Namba 6006 huandikwa pale daftari lenyewe linapofungwa, nalo hufungwa miongoni mwa huduma. Namba 6008 na namba 41 huandikwa mashine iwakapo tena, kushuhudia kwamba safari iliyopita haikumalizika kwa salama. Ukiona 1074, ikafuatwa na 6006, kisha 41, maana yake ni kwamba daftari lilifungwa kwa utaratibu na anguko likaja baada yake, na hapo nyuma huwa zimebaki draiva, diski na vyuma vyenyewe. Ukiona 1074 lakini huioni 6006, basi mashine ilianguka mapema, na washukiwa wa kwanza ni programu na huduma.

Usiishie hapo. Ifungue ile 41, nenda sehemu ya «Details», utazame mstari wa BugcheckCode. Pakiwa na sifuri, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa: umeme ulikatika, au mashine iliganda na mtu akaizima kwa nguvu, na mstari wa PowerButtonTimestamp, usipokuwa sifuri, hukuambia kwamba kitufe kilishikiliwa. Pakiwa na namba nyingine, hiyo ndiyo kosa lenyewe, ila imeandikwa kwa hesabu ya kawaida ya kumi, ilhali kwenye kiwambo cha buluu huandikwa kwa hesabu ya kumi na sita. Namba 159, kwa mfano, ni 0x9F, na hiyo ndiyo namba ninayoitarajia kuliko zote katika ugonjwa huu, kwa kuwa maana yake ni kwamba draiva iliamriwa kukishusha kifaa chake ikakaa kimya mpaka muda ukapita. Namba 206, ambayo ni 0xCE, humshitaki draiva aliyeondoka huku ameacha kazi zikingoja. Namba 122, yaani 0x7A, huelekeza kidole kwenye diski au waya wake, kwani ni kilio cha mfumo uliotaka kusoma diskini usiweze.

Kosa likiandikwa, huandikwa pia faili ndogo katika kabati la C:\Windows\Minidump. Programu ya BlueScreenView ya NirSoft, ambayo hupatikana bure, huifungua faili hiyo na kukuonyesha draiva zilizokuwapo wakati wa anguko. Na mwenye subira zaidi atumie WinDbg ya Microsoft, aandike !analyze -v, asubiri. Jina utakalolipata huishia kwa .sys, na yafaa ulitafute ni la kifaa gani. Ila chukua hadhari ya jambo moja: jina la ntoskrnl.exe likitajwa, usimhukumu, kwa sababu hicho ni kiini cha Windows chenyewe, nacho hutajwa karibu kila mara kwa vile ndicho kilichokuwa kikitoa amri, na mkosaji amejificha nyuma yake.

Tuseme ushahidi umeelekea upande wa programu na huduma. Hapo liko jambo dogo ambalo mafundi wengi hawalitumii, nalo huokoa muda mwingi: Windows inaweza kuamriwa ieleze kila hatua inayoifanya wakati wa kuzimika, badala ya lile neno moja lisilo na habari. Katika rejista, chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System, tengeneza thamani ya aina ya DWORD iitwayo VerboseStatus, uipe 1. Tangu hapo kiwambo kitataja kinachosimamishwa, na pale kitakapoganda utasoma kilikuwa kikingoja kitu gani. Ukiisha hapo, andika msconfig, nenda sehemu ya huduma, ufiche kwanza huduma zote za Microsoft, kisha uondoe alama za nusu ya zilizobaki, uwashe upya na kuzima tena. Ugonjwa ukiondoka, mkosaji yumo katika nusu uliyoiondoa. Usipoondoka, yumo katika nusu nyingine, au si huduma kabisa. Endelea kugawa nusu kwa nusu. Kwa huduma kumi na sita utahitaji majaribio manne tu kumpata mmoja, ilhali anayezima moja moja anaweza kufika kumi na tano.

Katika mashine za kwetu kuna wageni ambao mimi huwashuku mapema. Wa kwanza ni programu za modemu za USB, zile za kuingilia intaneti kwa laini ya simu, ambazo mtu alizitia miaka iliyopita, modemu ikapotea au ikaharibika, lakini huduma yake na draiva yake vimebaki vikiitafuta kila siku, na wakati wa kuzimika huduma hiyo hungoja jibu la kifaa kisichokuwapo. Wa pili ni antivairasi mbili katika nyumba moja, kila moja ikitaka kuwa ya mwisho kutoka. Wa tatu ni printa ya zamani iliyoacha kazi ambayo haikuchapishwa. Waondoe wote watatu kwa utaratibu wa kuondoa programu, si kwa kufuta kabati lao, maana ukifuta kabati unaacha amri katika rejista zikielekea pasipo kitu.

Ushahidi ukielekea upande wa draiva, anza na jambo jepesi: chomoa kila kilichochomekwa, flashi, diski ya nje, printa, kamera, hata kipanya cha redio, ukizime chombo kikiwa kitupu. Nimeona watu wakitafuta makosa ya siri ndani ya mfumo, kumbe ni kasha la diski ya nje lisilotaka kushuka. Kikizimika vizuri, rudisha kimoja kimoja. Kisipozimika, tazama draiva za kadi ya mtandao, ya picha na ya sauti, na hasa kadi ya mtandao, ambayo huruhusiwa kubaki macho ili iweze kuiamsha kompyuta kutoka mbali. Ruhusa hiyo iondoe katika sehemu ya umeme ya kadi hiyo ndani ya «Device Manager». Draiva mpya ichukuliwe kwa mtengenezaji wa kompyuta au wa kadi yenyewe, wala usidanganywe na zile programu zinazojisifu kwamba zitasasisha draiva zote kwa mbonyezo mmoja, kwa maana nyingi huleta draiva ya kifaa kinachofanana na chako, na kufanana si kuwa sawa. Na ikiwa hitilafu ilianza baada ya sasisho fulani, dawa huenda ikawa kurudi nyuma: kitufe cha «Roll Back Driver» kipo kwa ajili hiyo.

Juu ya kompyuta za mtumba ziletwazo kutoka Ulaya na Dubai, nyingi zikiwa za maofisi zilizokuwa na Windows 7 kisha zikapigwa Windows 10 au 11 njiani, nina neno moja tu: ingia katika tovuti ya mtengenezaji kwa namba ya mfululizo iliyobandikwa chini, uone kama kuna toleo jipya la BIOS. Hili lina maana zaidi ikiwa mashine yako huzimika vizuri lakini hugoma kuwashwa upya, ikabaki na kiwambo cheusi. Kuwasha upya hakukati umeme wa vifaa kikamilifu, bali huvitaka vijirudishe vyenyewe mwanzo, na BIOS ya zamani isiyojua kukiamrisha kifaa kipya hukiacha katika hali ya nusu macho. Kabla ya kuigusa BIOS, jaribu kuchomoa waya na betri kama hutoka, ushikilie kitufe cha umeme kwa nusu dakika, kisha uwashe. Na unapoisasisha, hakikisha umeme ni wa yakini, betri imejaa au UPS ipo, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ubao wenyewe unaweza kufa.

Diski isisahauliwe, kwa sababu wakati wa kuzimika ndipo inapotwishwa maandishi mengi kwa mpigo. Amri chkdsk C: /f hukagua na kurekebisha mpangilio wa faili, na amri sfc /scannow, ikitanguliwa na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, hurudisha faili za Windows zilizoharibika. Ramu nayo hupimwa kwa mdsched.exe, au kwa MemTest86 ikiachwa usiku kucha. Lakini kukiwa na dalili kwamba diski yenyewe inachoka, faili zikawa nzito kufunguka, au ikawa inatoa mlio wa kugonga, acha ukaguzi wote, nakili vilivyo vyako kwanza. Chkdsk juu ya diski inayokata roho huweza kuimaliza.

Wenye Linux kazi yao ni nyepesi zaidi katika jambo hili, kwa kuwa mfumo wao husema wazi: maandishi ya kwamba kazi fulani ya kusimamisha inaendelea, huku sekunde zikihesabiwa mpaka 90, huwa yamemtaja mkosaji kwa jina, na amri journalctl -b -1 -e huonyesha maneno ya mwisho ya safari iliyopita.

Yote yakishindikana, ipo programu iitwayo verifier, iliyomo ndani ya Windows, ambayo huzibana draiva na kuziadhibu kwa kosa dogo, ili ile dhaifu ianguke hadharani na jina lake liandikwe. Chagua draiva zisizo za Microsoft peke yake, na kabla ya kuiwasha tengeneza nukta ya kurejea, ujifunze pia kuingia katika hali salama, kwa maana inaweza kuiangusha mashine kila inapowaka mpaka ukaandike verifier /reset. Asiyekuwa na ujasiri huo ampelekee fundi mashine yake, lakini asiende mikono mitupu: achukue picha ya kiwambo, namba ya BugcheckCode, faili za kabati la Minidump katika flashi, tarehe ugonjwa ulipoanza na kilichoingizwa siku hiyo, na amwambie waziwazi kama mashine hugoma inapozimwa, inapowashwa upya, au katika hali zote mbili. Fundi atakayeviweka kando vitu hivyo na kuchomeka flashi yake ya Windows, mtafute mwingine.